Kutaja Jina la Aliyesema: Asili za Habari katika Historia ya Wanawake wa Mwambao

Mtu akishika kalamu kutaka kuandika historia ya wanawake wa mwambao wa Afrika ya Mashariki, jambo la kwanza atakaloambiwa na wenziwe ni kwamba habari zao ni haba. Ataambiwa kuwa wageni walioandika juu ya pwani hii, Waarabu, Wareno, Wajerumani na Waingereza, waliandika juu ya wafalme, vita, biashara na meli. Na kwamba wenyeji nao, walipoandika habari za miji yao, walihesabu baba na babu wakawaacha mama na bibi. Neno hili lina kweli ndani yake, lakini haliishi hapo. Habari zipo, na kwa wingi kuliko idhaniwavyo: katika tendi, katika hati za wakfu, katika mashauri ya makadhi, katika mafaili ya serikali, katika sahani za santuri na kanda za sauti. Lililo haba ni majina ya wanawake waliozitoa habari hizo. Tena majina hayo hayakupotea yote zamani. Mengine twayapoteza sisi wenyewe leo, kila tuandikapo tanbihi chini ya ukurasa.

Makusudi ya makala haya ni kuitazama kazi ya kutafuta na kutaja asili za habari kama sehemu ya historia yenyewe. Kwa desturi kazi hii huhesabiwa kuwa ya ufundi tu, ambayo mwanafunzi hufundishwa juma la kwanza akaisahau juma la pili: jina la mwandishi, mwaka, mji, ukurasa. Lakini katika historia ya wanawake swali la "nani mwandishi?" si la ufundi hata kidogo. Mimi ni mtu wa elimu ya lugha, wala sidai ujuzi wa mwanahistoria. Basi nitakayoyasema yatoka zaidi upande wa maneno.

Na tuanze na mwanamke ambaye kila msomaji wa jarida hili amjua. Mwana Kupona binti Mshamu alizaliwa Pate mwanzoni mwa karne ya 19, akaolewa na Bwana Mataka, mtawala wa Siu aliyewasumbua sana watu wa Unguja. Mumewe alifariki mwaka 1856. Mwaka 1858, naye akiwa mgonjwa, alitunga utendi wake kwa ajili ya bintiye Mwana Hashima binti Sheikh, na baada ya muda mfupi, kama mwaka 1860, akafariki. Utendi huo ulipigwa chapa na Alice Werner mwaka 1917 katika mfululizo wa vitabu vya Chuo Kikuu cha Harvard juu ya Afrika, kisha ukatolewa tena mwaka 1934 na Werner pamoja na William Hichens. Kitabu hiki cha pili ndicho kilichoenea, na watengenezaji wake walikipa jina la Kiingereza ambalo maana yake ni Wasia wa Mwana Kupona juu ya Wajibu wa Mke.

Jina hilo si la Mwana Kupona. Mtu akiusoma utendi wenyewe toka mwanzo hata mwisho ataona kuwa sehemu ya mke na mume ni moja tu kati ya sehemu zake. Yamo mambo ya dini, yamo mambo ya adabu mbele za watu, imo habari ya mtungaji mwenyewe na ndoa yake, na imo dua ndefu kwa ajili yake, watoto wake na jamaa zake. Lakini kwa kuwa jina la kitabu lilitaja wajibu wa mke, waandishi wengi waliofuata waliutaja utendi huu kama ushahidi wa jambo moja, yaani utii wa mke wa Kiswahili, na wengine walioutaja hivyo yaonyesha hawakuvuka jalada. Mwaka 1991 Ann Biersteker alitoa makala ya kuuliza upya kama kusoma huko kwatosha, akaonyesha kuwa utendi huu waweza kusomwa kama maneno ya mwanamke mwenye akili juu ya nguvu na namna ya kuishi nayo. Si lazima mtu akubaliane naye katika kila neno. Mimi mwenyewe naona mahali pengine amevuta kamba sana. Lakini swali lake lisingekuwa na haja ya kungoja miaka hamsini na saba kama watu wangalitofautisha tangu mwanzo kati ya maneno ya mtungaji na maneno ya jalada.

Sasa tutazame tanbihi. Katika vitabu vingi vya Kiingereza na Kijerumani utendi huu hutajwa kwa jina la Werner na Hichens, na mwaka 1934. Katika maktaba moja ya ng'ambo nilikosomea, kadi ya Mwana Kupona haikuwapo chini ya M wala chini ya K. Alikuwa ndani ya kadi ya watengenezaji wake, kama mgeni aliyepangishwa chumba. Si kusudi langu kumlaumu Bibi Werner, aliyekuwa profesa wa Kiswahili na lugha za Kibantu mjini London tangu mwaka 1922, na ambaye bila yeye wengi wetu tusingeliupata utendi huu kwa chapa. Lakini mtungaji ni mtungaji na mtengenezaji ni mtengenezaji. Mwandishi wa leo aandikapo "Werner na Hichens 1934" peke yake, asipomtaja Mwana Kupona na mwaka 1858, ameisogeza habari mbele miaka sabini na sita, ameihamisha kutoka Lamu hata Uingereza, na amemwondoa mwanamke aliyeitoa.

Wanavyuoni wa mwambao hawana haja ya kufundishwa na mtu wa Ulaya kuwa neno lapasa kutajwa pamoja na msemaji wake. Elimu ya Hadithi imesimama juu ya jambo hilo. Kila hadithi ina sanadi, yaani mlolongo wa watu walioipokea mmoja kwa mwingine, na mlolongo ukikatika hadithi hudhoofika hata kama maneno yake ni mazuri. Na katika sanadi hizo wanawake wamo kwa majina yao. Hadithi zilizopokewa kwa Bibi Aisha zapita 2,000. Ibn Saad, aliyefariki mwaka 845, alipoandika kitabu chake kikubwa cha tabaka za wapokezi, aliiweka sehemu ya mwisho kwa ajili ya wanawake. Katika karne ya 11, mjini Makka, Karima al-Marwaziyya alikuwa mpokezi mashuhuri wa Sahihi ya Bukhari, na wanavyuoni wanaume walisafiri kwenda kuisoma mbele yake. Wakusanyaji hao hawakuwa wakitafuta kuwainua wanawake kwa maana ya siku hizi. Walitaka kujua kama neno ni sahihi, na hawakuona njia ya kulijua hilo pasipo kumjua aliyelisema. Nadhani hoja hii ina nguvu kuliko ile ya huruma, ambayo husikika mara nyingi katika mikutano. Jina la mwanamke latajwa kwa sababu bila jina hilo ushahidi ni mbovu.

Ugumu ni kwamba katika habari za mwambao sanadi mara nyingi imekatwa kabla hatujaipokea. Kitabu cha Desturi za Wasuaheli kilipigwa chapa Göttingen mwaka 1903 kwa jina la Carl Velten, ingawa sehemu kubwa ya maneno yake ilitoka kwa Mtoro bin Mwinyi Bakari, aliyekuwa Berlin akifundisha Kiswahili. Ilikuwa hata mwaka 1981, ilipotoka tafsiri ya Kiingereza ya J. W. T. Allen, ndipo jina la Mtoro lilipowekwa mahali pake juu ya jalada. Miaka sabini na minane imepita kabla mwanamume msomi, aliyejua kuandika na aliyeishi mjini Berlin, kupata haki ya jina lake. Basi na tujiulize juu ya wale walio nyuma yake. Kitabu hicho chaeleza mambo ya uzazi, ya mwari na kungwi wake, na yale afundishwayo msichana kabla ya kuolewa. Kila mtu wa pwani ajua kuwa mwanamume haingii katika mambo ya unyago. Ama Mtoro aliyasikia kwa mwanamke, ama aliyasikia kwa mtu aliyeyasikia kwa mwanamke. Kwa njia yoyote ile yuko mwanamke mwanzoni mwa mlolongo, na hakutajwa. Hatuwezi kumzulia jina. Lakini twaweza kuandika katika maelezo yetu kuwa habari hii ya unyago imepitia kinywa cha mwanamume, na msomaji akaipima kwa kipimo hicho.

Nageukia sasa kazi ya kutafuta. Mwanafunzi wa siku hizi huingia katika maktaba, au hukaa mbele ya kompyuta, akaandika neno "jinsia", kisha hutoka akisema hakuna kitu. Si ajabu. Neno jinsia kwa maana hii tuitumiayo sasa ni jipya. Halikuenea katika maandishi yetu mpaka karibu na mwisho wa karne ya 20, na hapana karani wa mwaka 1910 wala 1950 aliyeliandika juu ya faili. Mwenye kutafuta hana budi kutumia maneno ya wale walioweka. Atafute mahari, talaka, eda, urithi, wakfu, matumizi ya mke, unyago, ngoma, pombe, wakunga, shule za wasichana, watumwa, kodi ya nyumba. Katika Nyaraka za Taifa za Tanzania na za Kenya, na katika Nyaraka za Zanzibar, mambo ya wanawake yamo ndani ya mafaili ya sheria za kienyeji, ya afya, ya polisi na ya ardhi. Karatasi za Hans Cory, zilizomo katika maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, zina mengi juu ya sheria za ndoa na urithi bara. Na orodha ya maandishi ya Kiswahili na ya Kiarabu ya maktaba hiyohiyo, iliyotengenezwa na J. W. T. Allen na kupigwa chapa mwaka 1970, bado ni mlango mzuri wa kuingilia.

Kamusi nazo zasahauliwa. Kamusi ya Krapf ya mwaka 1882, ya Johnson ya mwaka 1939, na ya Sacleux ya mwaka huohuo ni nyaraka za historia kwa atakayezisoma pamoja. Lichukue neno shoga. Johnson alieleza kuwa ni neno la urafiki baina ya wanawake, na bibi zetu walilitumia hivyo bila haya yoyote. Leo kijana wa mjini hulisikia kwa maana nyingine kabisa. Mtu asiyejua mabadiliko haya, akipata barua ya zamani ambamo mwanamke amwita mwenziwe shoga, aweza kujenga juu yake jumba la fikira lisilo na msingi.

Tena liko jambo la sarufi ambalo wanahistoria wetu hawajalitia maanani ya kutosha. Lugha yetu haitofautishi mwanamume na mwanamke katika kiambishi cha nafsi. "Alitawala", "alilima", "alikimbia", "alitunga": yaweza kuwa ni yeye yeyote. Mfasiri wa Kiingereza, Kifaransa au Kijerumani hawezi kuliacha jambo hili wazi. Lugha yake humlazimisha kuchagua, na mara nyingi huchagua mwanamume. Basi yule aliyekuwa wazi katika Kiswahili amekuwa mwanamume katika tafsiri, na kila anayeinukuu tafsiri humthibitisha. Katika habari za Pate twajua kuwa Mwana Khadija alitawala katika karne ya 18 kwa sababu jina lake limehifadhiwa. Pasipo jina, kitenzi peke yake kisingelituambia. Dawa yake ni kurudi kwenye matini ya Kiswahili na kutafuta alama nyingine: ameoa au ameolewa, bin au binti, Bwana au Mwana. Na ambapo hakuna alama, mwandishi aseme kuwa hakuna.

Yako mahali ambapo nyaraka zenyewe zilipangwa zisimwonyeshe mwanamke, na hapo wingi wa karatasi waweza kudanganya. Mfano mkubwa ni masuria wa Unguja na Pemba. Amri ya Aprili 1897, iliyotolewa na Sultani Hamoud bin Muhammed kwa kusukumwa na Waingereza, iliondoa hali ya kisheria ya utumwa. Mtumwa aliyetaka uhuru alikwenda mahakamani, akaandikwa. Lakini masuria walitengwa. Walihesabiwa kama wake wa nyumbani, na hawakuweza kudai uhuru wao kwa njia hiyo isipokuwa walipotendewa ukatili. Hali hiyo ilikaa hata amri ya mwaka 1909. Basi mtafiti anayefungua madaftari ya walioachwa huru kati ya 1897 na 1909, akahesabu wanawake na wanaume, akatoa hukumu juu ya idadi ya wanawake waliokuwa katika utumwa, amehesabu mlango na kuiacha nyumba. Daftari halikuwataja masuria kwa sababu sheria haikuwaruhusu kufika mbele ya mwenye daftari. Mwenye kulitaja daftari hilo katika tanbihi bila kuitaja amri pamoja nalo amempa msomaji wake nambari isiyo na maana.

Tena suria aliyemzalia bwana wake alikuwa huru bwana alipokufa, na mtoto wake alikuwa huru tangu kuzaliwa, akaitwa kwa jina la baba. Kwa hiyo nasaba huendelea na mama hutoweka. Lakini hapa twaona faida ya kusoma kitabu cha mwanamke kando ya vitabu vya wanaume. Salme binti Said, aliyezaliwa mwaka 1844, akaondoka Unguja mwaka 1866 na kuitwa Emily Ruete baada ya kuolewa na Mjerumani, alitoa kumbukumbu zake kwa Kijerumani mwaka 1886. Humo aeleza kuwa watoto wa baba yake waliokuwa hai wote walizaliwa na masuria. Vitabu vya siasa vyatueleza kwa urefu kuwa Majid, Barghash, Khalifa na Ali, walioshika utawala mmoja baada ya mwingine, walikuwa wana wa Sayyid Said. Salme ndiye anayetuambia mama zao walitoka wapi, na wengine wao waliitwaje. Alizungumza kama binti wa kifalme, na maneno yake juu ya utumwa kwa jumla yapasa kusomwa kwa hadhari kubwa, maana aliutetea. Lakini juu ya akina mama waliokuwa ndani ya nyumba ile hana mpinzani. Wakutubi wengine humweka chini ya Ruete, wengine chini ya Said, wengine chini ya Salme. Afaaye ni kutaja majina yote mawili, la Unguja na la Ujerumani, kwa sababu kitabu chake kimeandikwa na mtu aliyekuwa na yote mawili.

Mashauri ya makadhi ni hazina nyingine, na Elke Stockreiter katika kitabu chake cha mwaka 2015 ameonyesha ni mambo mangapi yaweza kutolewa humo juu ya wanawake wa Unguja baada ya utumwa. Wanawake walikwenda kwa kadhi kudai mahari, matumizi, nyumba na talaka, na hawakuogopa. Lakini yafaa kukumbuka kuwa mwanamke alisema kwa Kiswahili, na mara nyingi karani aliandika kwa Kiarabu, tena kwa maneno ya sheria. Kilichobaki si sauti yake. Ni kivuli cha sauti yake kilichopita katika vyombo viwili.

Hili lanileta kwenye jambo ninaloliona kubwa kuliko yote. Tangu miaka ya 1970 wako watafiti waliokwenda kwa wanawake wenyewe wakawauliza habari za maisha yao. Susan Geiger alianza mwaka 1984 kuzungumza na wanawake wa Dar es Salaam waliokuwa katika TANU, miongoni mwao Bibi Titi Mohamed, aliyezaliwa mwaka 1926 na kufariki mwaka 2000. Kitabu chake cha mwaka 1997 kiligeuza mambo mengi: kilionyesha kuwa wanawake wa vyama vya ngoma, wengi wao wasiokuwa na elimu ya shule, walikuwa na umoja uliovuka makabila na lugha moja ya kuwaunganisha kabla chama hakijawafikia, na kwamba TANU ilipata kwao kitu kilichokuwa tayari. Hii ni kazi ya thamani kubwa. Lakini mazungumzo yalikuwa ya Kiswahili, na kitabu ni cha Kiingereza. Mtafiti wa leo anayetaka kuyanukuu maneno ya kitabu hicho kwa Kiswahili hana budi kuyafasiri upya, yaani kumtungia Bibi Titi Kiswahili kingine ambacho hakukisema, kisha akakitia ndani ya alama za kunukuu.

Asiyekuwa mtu wa lugha ataona kuwa hili ni jambo dogo. Nitatoa mfano mmoja. Mwanamke wa pwani akieleza mwisho wa ndoa yake aweza kusema niliachwa, au tuliachana, au nilidai talaka yangu nikapewa, au nilijikomboa kwa kurudisha mahari. Haya ni mambo manne, na sheria yake ni mbalimbali, na heshima aipatayo mwanamke mbele za watu kwa kila moja ni mbalimbali. Katika Kiingereza yote yaweza kuwa neno moja tu. Mwenye kuirudisha tafsiri hiyo katika Kiswahili ataandika "niliachwa", maana ndilo linalokuja upesi, na mwanamke aliyejikomboa kwa mali yake amekuwa mwanamke aliyetupwa. Hapo historia imebadilika bila mtu yeyote kusema uwongo.

Kazi ya Sarah Mirza na Margaret Strobel yaonyesha njia iliyo bora. Walitoa mwaka 1989, kwa Kiingereza, maisha ya wanawake watatu wa Mombasa waliosimulia wenyewe: Kaje wa Mwenye Matano, Mishi wa Abdala na Shamsa Muhamad Muhashamy. Kisha mwaka 1991 wakatoa kitabu cha pili, Wanawake Watatu wa Kiswahili, chenye masimulizi hayo katika lugha yaliyosemwa. Ajabu yangu ni kwamba katika maandishi ya wasomi, hata ya Waswahili, kitabu cha Kiingereza chatajwa mara kwa mara na cha Kiswahili ni kama hakikuzaliwa. Mwenye kuandika kwa Kiswahili na kutaja tafsiri, hali asili ipo, ameuza ng'ombe akanunua kwato. Tena amtaje Bi Kaje kama msemaji, na Mirza na Strobel kama wakusanyaji. Na asimgeuze kuwa "Matano, Kaje", kana kwamba Matano ni jina la ukoo la Kizungu.

Hapa mtu aweza kunipinga, na upinzani wake una uzito. Atasema: watu wetu wana sitara. Si kila mwanamke apendaye jina lake lipigwe chapa na kupelekwa kwa watu asiowajua, na yako mambo ya nyumba ambayo kuyataja kwa jina ni kumvunjia heshima yeye na wanawe. Hili ni kweli, wala sanadi si ruhusa ya kumfunua mtu. Lakini kumsitiri ni jambo moja na kumfuta ni jingine, na anayepasa kuchagua ni mwenye jina. Mtafiti amwulize waziwazi, mwanzo wa mazungumzo na tena mwisho wake, baada ya yeye mwenyewe kuyasikia aliyoyasema. Akitaka jina lake liwepo, liandikwe lote kama anavyoitwa kwao. Akikataa, iandikwe kuwa amesitiriwa kwa matakwa yake, pamoja na mji, mwaka wa mazungumzo na umri wake kwa kukisia, na kanda iwekwe mahali penye ulinzi. Nisilolikubali ni ile desturi ya kuandika "mwanamke mzee wa Lamu" kwa uvivu, huku mwanamume mzee wa mji huohuo, katika ukurasa huohuo, ametajwa yeye, baba yake na babu yake.

Imebaki aina moja ya ushahidi ambayo tanbihi zetu hazijui namna ya kuipokea, nayo ni wimbo. Siti binti Saad alizaliwa Fumba, Unguja, kama mwaka 1880, akapewa jina la Mtumwa. Siti ni jina la heshima alilolipata baadaye. Mwaka 1928 alikwenda Bombay na wenziwe kutiwa sauti katika sahani za santuri, na sahani hizo ziliuzwa mwambao mzima. Alifariki mwaka 1950. Shaaban Robert aliandika wasifu wake, uliotolewa mwaka 1958 na Kamati ya Kiswahili ya Afrika ya Mashariki, na wengi wamtajapo Siti humtaja kwa kitabu hicho, yaani kwa maneno ya mshairi mwanamume, na bila shaka ni mazuri. Lakini sauti yake mwenyewe ipo. Wimbo wake juu ya Kijiti wahusu mwanamke aliyeuawa na muuaji aliyekimbilia bara, na Laura Fair, katika kitabu chake cha mwaka 2001, ameusoma wimbo huo pamoja na kumbukumbu za wazee wa Ng'ambo kama hukumu ya watu juu ya hukumu ya mahakama. Sahani ya santuri ina jina la mwimbaji, jina la kampuni na nambari yake imechapwa katikati. Mwandishi atakayeinukuu na aziandike zote tatu, na aseme pia ameisikilizia wapi, maana sahani nyingine ziko katika mikono ya watu binafsi na nyingine zimevunjika, na yule atakayekuja baada yetu kuitafuta atahitaji kujua mlango gani abishe.